Nani Anaweza Kukutoa? Katiba Mpya kwa jicho la mkaguzi wa hesabu

Mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa madiwani, walimu, wanafunzi wa sheria mliobanana kule nyuma, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa. Naomba niingie kwenye mada, maana muda niliopewa ni mfupi na Katiba yetu ina ibara 152.

Mimi si mwanasheria. Nimekagua hesabu za umma sehemu kubwa ya maisha yangu, nyingi zikiwa za halmashauri, kisha nikastaafu. Aliyenialika aliniambia mnataka mtazamo wa mtu wa kawaida. Nikacheka, kwa sababu mkaguzi akiingia ofisini hata chai husimama. Ila nikakubali, kwa kuwa Katiba hii niliifahamu kupitia mlango wa uani. Wanasheria huanza na Utangulizi, wakaenda kwenye haki za msingi, wakamalizia na mihimili. Mimi nilianza na swali lililonijia kila tulipofunga taarifa ya ukaguzi: huyu bwana aliyeharibu, nani ana uwezo wa kumtoa?

Swali hilo hilo nitalipeleka leo kwenye kila kiti nitakachokigusa. Mjadala wa Katiba Mpya una mambo mengi, mengine mazito kuliko hili, lakini naamini tukiliruka hili tutachapisha kitabu kizuri na mambo yatabaki vile vile.

Tuanzie chini, kwenye halmashauri. Kuna madiwani, ambao mmewapigia kura. Kuna mkurugenzi, ambaye ndiye afisa masuuli, ndiye mwenye saini. Mkaguzi anafika, anakuta ushuru uliokusanywa ambao haukufika benki, malipo yasiyo na viambatisho, na zahanati iliyolipiwa mpaka bati wakati ukuta uko kwenye lenta. Anaandika hoja. Menejimenti inajibu, na majibu mengine, niwaambie ukweli, yameandikwa kwa ustadi kuliko mikataba yenyewe. Hoja isipofungwa inaingia kwenye ripoti. Mwaka unaofuata mkaguzi anaikuta pale pale, safari hii chini ya kichwa cha mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa.

Madiwani wanakaa baraza. Wanakasirika, na nimewaona wakikasirika kwelikweli, bila kujali chama. Wanapitisha azimio la kutokuwa na imani na mkurugenzi. Halafu? Mkurugenzi ameteuliwa na Rais. Azimio linapanda ngazi, linafika TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia halmashauri, na ninyi mnabaki kusubiri pamoja na wananchi waliowachagua. Nimeona mkurugenzi akiondoka baada ya kelele kama hizo. Alihamishiwa halmashauri nyingine, na hoja zake akatuachia.

Kwa hiyo diwani hawezi kumtoa. Mwananchi hawezi. Mbunge atasimama bungeni aongee, na atapigiwa makofi ya meza. Mwenye uwezo ni mmoja, na Tanzania Bara peke yake ina halmashauri 184 na mikoa 26 ambayo mtu huyo mmoja anatakiwa kuiangalia. Hata angekuwa malaika, angetegemea taarifa anazoletewa, na wanaozileta ni wateule wake wengine.

Ibara ya 8 ya Katiba inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi. Ni maneno mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini ukisogea mbele unakutana na Ibara ya 36, inayompa Rais madaraka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka na kuteua watu wa kuzishika. Unakutana na Ibara ya 37, inayosema katika kutekeleza kazi zake yuko huru na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afuate. Ibara ya 8 inasema mamlaka yanatoka wapi. Hizi mbili zinasema yanaishia wapi.

Matunda yake mnayajua, yanaitwa mkeka. Simu zinaanza kuita usiku, orodha yenye nembo ya Ikulu inazunguka kwenye makundi, kila mtu anatafuta jina lake au la shemeji yake. Wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, makatibu tawala, wakurugenzi, wenyeviti wa bodi. Asubuhi yake nchi nzima inajua nani kapanda na nani katenguliwa. Kwa nini kapanda, kwa nini katenguliwa, hilo halimo kwenye mkeka.

Mteule anayepatikana hivyo atamtazama nani? Tusimlaumu. Hata mimi ningemtazama aliyeniweka. Mkuu wa wilaya hana sababu ya kuwaogopa wananchi wa wilaya yake, kwa kuwa hawakumweka na hawawezi kumtoa. Na bado Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa yeye na mkuu wa mkoa uwezo wa kuagiza mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, kwa masharti ambayo kwenye vurugu za mkutano wa hadhara husahaulika haraka. Mheshimiwa diwani, wewe uliyepigiwa kura na kata nzima, unaweza kuwekwa ndani na mtu ambaye hakupigiwa kura hata na mlinzi wake.

Kuna waliodhani dawa ni kutumbua. Baada ya uchaguzi wa 2015 neno hilo lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na makofi yalikuwa mengi. Naelewa makofi yale. Ukikaa miaka unaandika hoja zisizofungwa, ukamwona mtu anaondolewa mbele ya kamera, moyo unapoa. Lakini kwa mkaguzi, utenguzi usio na sababu iliyoandikwa hauna uzito wowote. Sijui kama mtu ameondolewa kwa hoja niliyoiibua, kwa fitina ya ofisini, au kwa sababu kiti chake kilihitajika kwa mwingine. Akirudi kwenye mkeka mwingine, kituo kingine, sina pa kuuliza. Na yule mtumishi mwadilifu aliyemkatalia mkubwa kusaini vocha anajua kwamba njia hiyo hiyo inaweza kumpitia yeye.

Sasa tupande kwenye kiti ninachokifuatilia kwa karibu zaidi, cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ibara ya 143 na ya 144 zimeandikwa na watu waliofikiri. Mkaguzi Mkuu anateuliwa na Rais, sawa, lakini katika kazi zake halazimiki kufuata amri ya mtu mwingine yeyote. Ripoti anaikabidhi kwa Rais, na Rais anatakiwa kuhakikisha inawasilishwa bungeni kabla ya kupita siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Isipowasilishwa, Mkaguzi Mkuu anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Tazameni akili iliyomo: aliyeandika alijiuliza, je, mkubwa akiikalia? Akaweka njia ya pili. Laiti ibara nyingine zingekuwa na wasiwasi kama huo.

Hata kumwondoa kumewekewa ulinzi. Anaondoka akifikia umri uliowekwa. Kabla ya hapo, anaondolewa kwa kushindwa kazi au kwa utovu wa nidhamu, tena baada ya tume kuchunguza. Hiyo ni ngome. Kisha ikaja 2019, tukaona ngome inavyozungukwa. Mwezi Januari Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alimwita Profesa Mussa Assad, Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, mbele ya kamati kwa sababu ya kauli yake kuhusu udhaifu wa Bunge. Mwezi Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Fikirini hapo: ripoti za Mkaguzi Mkuu ndizo chakula cha Kamati ya Hesabu za Serikali, na Bunge linasema halifanyi kazi na mpishi. Novemba mwaka huo akateuliwa mwingine, hoja ikiwa kwamba kipindi chake cha miaka mitano kilichowekwa na sheria ya kawaida kimekwisha. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuondolewa kwake kwa njia ile kulikiuka Katiba. Miaka mitatu ilikuwa imeshapita, na kiti kilikuwa na mtu mwingine.

Wanafunzi wa sheria watanisahihisha, lakini mimi nilijifunza kitu pale. Ulinzi ulioandikwa kwenye Katiba unaweza kutobolewa na kifungu kimoja cha sheria ya kawaida, na kama mahakama inatoa jibu baada ya miaka mitatu, aliyetoboa ameshinda hata akishindwa.

Nikigeukia uchaguzi, nawaomba radhi mnaotaka nizungumzie uchaguzi wa mwaka fulani ulikwendaje. Kila mmoja hapa ana maelezo yake na hatutaelewana hadi usiku. Nitasema kuhusu kanuni tu. Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishatangaza kwamba mgombea amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa mahakamani. Ya urais, yanayozaa mkeka wote niliousema, hayawezi. Katika ukaguzi tunaanza na miamala mikubwa kwa sababu hatari iko huko. Hapa tumeukataza mkono wa mkaguzi kugusa muamala ulio mkubwa kuliko yote.

Na Tume yenyewe? Mwaka 2024 ilitungwa Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Nimeisoma yote, na si kweli kwamba haina kitu. Wajumbe sasa wanapitia kamati ya usaili inayoongozwa na Jaji Mkuu, na hiyo ni hatua. Lakini mwenyekiti na makamu wake bado wanateuliwa na Rais moja kwa moja, kwa sababu Ibara ya 74 ndivyo isemavyo, na sheria ya Bunge haiwezi kuipita ibara. Mtu anaweza kubadilisha jina la ofisi, akabadilisha na kibao cha mlangoni, na mwenye kuchagua anayeketi mezani akabaki yule yule. Sisemi waliokaa pale si waadilifu. Nasema mgombea aliyeko madarakani hapaswi kuwa ndiye mwenye kumteua refa, hata kama refa ni mtakatifu. Mkinionyesha kamati ya zabuni ambayo mzabuni mmoja ndiye aliyemteua mwenyekiti wake, nitaandika hoja kabla sijakaa.

Wapo wanaosema haya yote yanarekebishika mahakamani, hatuhitaji kugusa Katiba. Kwao nina kisa cha Mchungaji Christopher Mtikila. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Lugakingira, ilikubaliana naye kwamba raia ana haki ya kugombea bila kupitia chama cha siasa. Mwaka huo huo Serikali ikapeleka bungeni mabadiliko ya Katiba, mlango ukafungwa. Akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikasema hilo ni suala la Bunge kuamua. Akavuka kwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na Juni 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki. Mtikila alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi ambao nao haukuwa na mgombea huru hata mmoja.

Kisa hiki kina kipande ambacho watu hukisahau. Jaji Ramadhani yule yule, akiwa amestaafu, alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, na rasimu ya Tume hiyo ikapendekeza mgombea huru aruhusiwe. Alipokuwa jaji aliona si kazi ya mahakama. Alipopewa kazi ya kuandika Katiba, Tume yake iliandika. Mimi naona ameturahisishia: mahali pa kulitatua jambo hili ni kwenye Katiba, basi tukalitatue huko.

Na hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwenye mchakato uliokwama.

Rais Jakaya Kikwete aliutangaza siku ya mwisho ya mwaka 2010. Sheria ikatungwa 2011, Tume ikaanza kazi 2012, wakazunguka nchi nzima kusikiliza watu. Rasimu ya kwanza ilitoka Juni 2013, ya pili ikakabidhiwa tarehe 30 Desemba mwaka huo. Bunge Maalum la kuijadili rasimu likaanza Dodoma Februari 2014.

Rasimu ya Pili ilikuwa inalijibu swali langu kuliko hati yoyote niliyowahi kuisoma. Ilitaka wananchi waweze kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano kwisha. Ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu. Mawaziri wasitoke miongoni mwa wabunge, wasizidi 15, na wathibitishwe na Bunge. Matokeo ya urais yaweze kupingwa Mahakama ya Juu. Uwazi, uadilifu na uwajibikaji viwe miongoni mwa tunu za taifa.

Sasa kumbukeni tulijadili nini. Serikali mbili au serikali tatu. Kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye televisheni: mbili au tatu. Wiki za mwanzo za Bunge Maalum zilikwenda kwenye kanuni, na kama kura zipigwe kwa siri au kwa wazi. Katikati yake kukawa na mvutano kwamba posho ya shilingi 300,000 kwa siku haitoshi. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje na hawakurudi. Sidharau suala la muundo wa Muungano. Ni zito, na Wazanzibari wana haki ya kulisemea kwa sauti kubwa kuliko mimi. Lakini lilimeza mengine yote. Wakati macho yetu yako kwenye idadi ya serikali, haki ya wananchi kumwondoa mbunge ilifutwa, ukomo wa ubunge ukafutwa, na uwazi, uadilifu na uwajibikaji vikatolewa kwenye orodha ya tunu. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba 2014, na wengi wetu hatukujua kilichodondoka njiani.

Nani alivifuta? Takriban theluthi mbili ya wajumbe wa Bunge Maalum walikuwa wabunge, pamoja na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, waliokuwa madarakani. Wengine 201 waliteuliwa na Rais kutoka makundi mbalimbali. Yaani wabunge walikaa kuamua kama wabunge waweze kuondolewa, na kama ubunge uwe na kikomo. Kwenye kazi yangu hiyo inaitwa mgongano wa maslahi, na mtu anatakiwa atangaze na atoke chumbani. Hakutoka mtu.

Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika. Imeahirishwa hadi leo. Rais aliyefuata akasema Katiba si kipaumbele chake. Aliyemfuata akaomba kwanza asimamishe uchumi. Kikosi Kazi cha kuangalia demokrasia ya vyama vingi, chini ya Profesa Rwekaza Mukandala, kilipokabidhi ripoti yake Oktoba 2022, nacho kilishauri mchakato uendelee. Tuna mapendekezo ya kutosha kujaza ghala la mkoa.

Najua kuna anayesema moyoni, Katiba haileti ugali. Nimeisikia sana, na mara nyingi anayeisema ana ugali. Zahanati ile iliyokwama kwenye lenta ina uhusiano na Ibara ya 36. Mama aliyejifungulia njiani kwa kuwa zahanati haikwisha hahitaji kuijua namba ya ibara ili aumizwe nayo.

Wengine watanionyesha Kenya. Wenzetu walipiga kura tarehe 4 Agosti 2010, wakapata Katiba ambayo mawaziri wanasailiwa na Bunge na magavana wanachaguliwa, na bado wizi upo, tena mwingine umefuata fedha hadi kaunti. Ni kweli. Sijasema Katiba inafuta wizi. Lakini Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais aliyeko madarakani, na kati ya 2021 na 2022 mahakama zao, hadi ya juu kabisa, zikauzuia mpango wa BBI wa kubadilisha Katiba ulioungwa mkono na Rais pamoja na kiongozi mkuu wa upinzani. Swali langu la nani anaweza kumzuia nani lina jibu kule. Na kama Kenya ni mbali, tazameni Zanzibar: Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa na uchaguzi ukafanyika miezi mitatu baadaye. Jambo likitakiwa, muda hupatikana.

Sasa tufanye nini, mtaniuliza. Msimamo wangu hauwafurahishi wanaharakati. Wao wanataka Katiba nzima au hakuna. Mimi nataka Katiba nzima, lakini sitaki kusubiri tena miaka kumi na kitu wakati ibara chache zinaweza kubadilishwa kwa utaratibu wa Ibara ya 98, kwa theluthi mbili ya wabunge, na kwa mambo fulani yanayogusa Muungano, theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar. Ibara ya 41(7) iondoke. Ibara ya 74 iandikwe upya ili mwenyekiti wa Tume apitie usaili ule ule na athibitishwe na Bunge. Ibara ya 39 na ya 67 zimruhusu mgombea huru. Mkurugenzi wa halmashauri apatikane kwa ushindani, na baraza la madiwani liwe na uwezo wa kumwondoa kwa sababu zilizoandikwa, naye apewe nafasi ya kujitetea. Hilo la mwisho linaweza kuanza kwa sheria ya kawaida, ila nimewaonyesha yanayopata ulinzi usio na mizizi kwenye Katiba.

Wazo la mabadiliko machache kwanza si langu. Septemba 2014 viongozi wa vyama, kupitia Kituo cha Demokrasia, walikubaliana na Rais Kikwete kwamba Katiba ya 1977 ifanyiwe marekebisho kabla ya uchaguzi wa 2015: tume huru, mshindi wa urais kupata zaidi ya nusu ya kura, mgombea huru, na haki ya kupinga matokeo ya urais mahakamani. Walikubaliana, wakatangaza, na hakuna hata moja lililofanyika kabla ya uchaguzi ule. Kwa hiyo mkinitazama kama mzee wa ndoto, mjue ndoto hii iliwahi kuwa na picha ya pamoja gazetini.

Na hofu ya wanaharakati ninaielewa: ukipewa kipande utasahau mkate. Inawezekana. Ndiyo maana sheria ya kuufufua mchakato mkubwa inapaswa kuwa na tarehe za kila hatua, na iseme nini kinatokea tarehe ikipita. Mwaka 2015 tarehe ilipita na hapakuwa na mtu wa kuulizwa.

Nimalizie kwa jambo moja ninalowaomba mlijadili baada ya mimi kukaa, kwa sababu sina hakika nalo. Chombo kitakachofuata cha kuijadili rasimu kiundwe vipi? Mimi ningependa wabunge na wawakilishi walioko madarakani wasiwe wajumbe kabisa. Wajumbe wachaguliwe na wananchi kwa ajili ya kazi hiyo tu, na wakubali kutogombea wala kuteuliwa kwa kipindi kimoja baada yake. Nikiwaambia wanasiasa hivyo wananijibu kwamba chombo kisicho na wabunge kitatengeneza kitu ambacho Bunge litakikataa, na kwamba uchaguzi wa wajumbe nao utatekwa na vyama vile vile. Hoja ya pili inanipa shida, sijapata jibu lake. Pengine njia ya kati ni wabunge wawepo, wazungumze, ila ibara zinazohusu ubunge wasizipigie kura. Waheshimiwa madiwani, ninyi mnaopiga kura kwenye mabaraza kila robo mwaka na mnatakiwa kutangaza maslahi yenu, ningependa kuanza kusikia kutoka kwenu. Mwenyekiti, narudisha kipaza sauti.